Meza ya pool si samani: Mkulima wa Ufipa apige hesabu kwanza

KILA mwaka ifikapo Julai, uwanda wa Ufipa hubadilika sura. Baridi inakuwa kali, mahindi yamekwisha kuvunwa, magunia yamepangwa barazani na malori ya wafanyabiashara yanapita vijijini kuanzia Laela, Mpui na Kaengesa hadi Matai na Namanyere. Ndicho kipindi ambacho mkulima wa Rukwa anashika fedha nyingi kwa mkupuo kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Ndicho pia kipindi ambacho vitu vilivyotumika hupata wateja. Pikipiki kuukuu, jenereta, televisheni na spika kubwa hubadili mikono. Miongoni mwa vitu hivyo imo meza ya pool, ile iliyokwisha kutumika miaka kadhaa kwenye baa za mjini na sasa mwenyewe anataka kuiondoa ili alete mpya. Bei yake huonekana nafuu, na anayeambiwa habari zake huanza kuiona tayari imesimama uani kwake.

Tamaa hiyo si ya Wafipa peke yao. Huko Marekani na Ulaya wapo watu wazima wanaotafuta mashine kuukuu za gemu, zile kubwa kama kabati zilizokuwa zikiwekwa kwenye kumbi za starehe miaka ya 1980, kama Pac-Man iliyotengenezwa Japani mwaka 1980, na kuziweka sebuleni. Huko nako mke na mume hubishana kuhusu nafasi, uzito, vipuri na fedha. Tofauti ni kwamba wengi wa wanunuzi hao wanatumia akiba ya mshahara. Mkulima wa Ufipa anatumia fedha ya mahindi, ambayo ndani yake kuna mbolea ya msimu ujao.

Kwa hiyo swali la kununua au kutonunua meza ya pool iliyotumika si swali la starehe tu. Ni swali la kilimo, na linastahili kujibiwa kwa kalamu na karatasi.

Sifa zake zisifichwe

Haki ni kuanza na upande wa mema. Kwanza, meza ya pool haihitaji umeme isipokuwa taa ya usiku. Kwa mkoa ambao makao yake makuu kwa miaka mingi yalitegemea umeme kutoka nchi jirani ya Zambia, hilo si jambo dogo. Mashine ya gemu ikikosa umeme hugeuka kabati, na televisheni hugeuka pambo. Meza ya pool huendelea kufanya kazi mchana kutwa.

Pili, mchezo wenyewe ni mchezo halali unaohitaji akili, subira na jicho la kupima pembe. Kwa miaka kadhaa Tanzania imekuwa na mashindano ya taifa ya pool yaliyodhaminiwa na bia ya Safari, na vijana kutoka mikoani walipata nafasi ya kusafiri na kushindana. Anayesema kila mcheza pool ni mvivu anakosea.

Tatu, vijijini hakuna sehemu nyingi za vijana kukutana jioni. Mzazi anayesema ni bora mwanawe acheze nyumbani, mbele ya macho yake, kuliko kuzurura kwenye vilabu vya pombe, ana hoja nzito. Na usafiri nao umekuwa rahisi. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 220, ilijengwa kwa lami kwa fedha za MCC, shirika la misaada la Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Mzigo mzito kutoka Mbeya au Tunduma ambao zamani ungesumbuka njiani kwenye matope, sasa unafika ukiwa mzima.

Ya nyumbani au ya biashara?

Hata hivyo, kosa kubwa hufanyika kabla fedha haijatoka mfukoni. Mnunuzi anaiambia familia kuwa meza ni ya nyumbani, kwa ajili ya watoto na wageni. Akibanwa kuhusu bei, anasema itajilipa yenyewe kwa sababu majirani watakuja kucheza kwa kulipia. Kwa maneno mengine, meza inakuwa samani pale anapoulizwa faida, na inakuwa mtaji pale anapoulizwa gharama.

Haiwezi kuwa vyote viwili. Meza ya nyumbani inawekwa ndani ya uzio, inachezwa bure na watu wanaojulikana, nayo haiingizi hata senti moja. Meza ya biashara inawekwa mahali penye watu, ina msimamizi, ina leseni ya biashara, ina saa za kufungua na kufunga, na inaleta wageni ambao mwenye nyumba hakuwachagua. Anayeiweka uani kwake na kuanza kutoza fedha amefungua ukumbi wa starehe katikati ya familia yake, pale pale ambapo binti yake anasoma na mke wake anapika.

Ikiwa ni ya nyumbani, basi ihesabiwe kama inavyohesabiwa seti ya makochi: fedha iliyotumika na haitarudi. Ikiwa ni ya biashara, ihesabiwe kama inavyohesabiwa mashine ya kusaga: mtaji, gharama, mapato na muda wa kurudisha fedha. Katikati hakuna njia ya tatu.

Hesabu ya ekari nne

Chukulia mkulima wa Laela mwenye ekari nne za mahindi. Kwa msimu mzuri na mbolea ya kutosha, tuseme anapata magunia 18 kwa ekari, yaani magunia 72. Anabakiza 12 kwa chakula na kuuza 60. Kwa bei ya mfano ya Sh45,000 kwa gunia, mkononi anabaki na Sh2,700,000.

Sasa anaambiwa kuna meza kuukuu ya Sh1,200,000. Bei hiyo ni mwanzo tu. Kukodi gari na watu wa kubeba, tuseme Sh150,000. Kitambaa kipya, fimbo na marekebisho ya mashine ya sarafu, Sh250,000. Banda la bati na sakafu ya saruji, kwa kuwa meza haiwezi kulala kwenye mvua, Sh400,000. Jumla ni Sh2,000,000.

Amebakiwa na Sh700,000. Mbolea je? Serikali iliporejesha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23, mfuko wa kilo 50 wa DAP na ule wa UREA uliuzwa kwa Sh70,000 kila mmoja kwa mkulima aliyesajiliwa. Kwa bei ya namna hiyo, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari ni Sh140,000, na kwa ekari nne ni Sh560,000. Kwenye karatasi fedha ya mbolea bado ipo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kilichobaki baada ya mbolea ni Sh140,000, na kwa hizo familia inatakiwa inunue mbegu, ilipe vibarua wa palizi, ikodi maksai wa kulimia, inunue sare na madaftari, na ijitibu hadi mavuno mengine.

Haiwezekani. Kitakachokatwa ni mbolea, kwa sababu mgonjwa hawezi kusubiri na mtoto hawezi kwenda shule bila sare, lakini mahindi hayana mdomo wa kulalamika.

Tuseme bila mbolea shamba linatoa magunia 8 kwa ekari badala ya 18. Pengo ni magunia 40, sawa na Sh1,800,000. Ukitoa Sh560,000 za mbolea ambazo hazikutumika, hasara halisi ni Sh1,240,000 kwa msimu mmoja.

Meza nayo imeleta nini? Tuseme mchezo mmoja ni Sh500. Kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati watu wana fedha, inachezwa mara 15 kwa siku. Kwa siku 120 ni Sh900,000. Mvua zikianza Novemba, watu wako mashambani na mifuko imekauka. Tuseme wastani wa michezo mitatu kwa siku, kwa siku 240 ni Sh360,000. Mapato ya mwaka ni Sh1,260,000. Toa Sh360,000 za kijana wa kusimamia kwa Sh30,000 kwa mwezi, na Sh200,000 za leseni, chaki, ncha za fimbo na kitambaa. Faida ni Sh700,000.

Mwaka wa kwanza basi, mkulima huyo amepata Sh700,000 kwenye meza na kupoteza Sh1,240,000 shambani. Yuko nyuma kwa Sh540,000, na mtaji wa Sh2,000,000 bado haujarudi. Hata kama asingepoteza chochote shambani, ingemchukua karibu miaka mitatu kuurudisha.

Takwimu hizo ni za mfano na kila mtu aweke za kwake. Anayevuna ekari 20 atapata jibu tofauti, na mwalimu au karani wa Sumbawanga mjini mwenye mshahara wa kila mwezi atapata jibu tofauti zaidi. Lakini mpangilio wa hesabu haubadiliki: mbolea kwanza, mbegu ya pili, afya na shule, kisha ndipo meza.

Meza inakula mahindi yale yale

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Mtaalamu yeyote wa biashara humshauri mkulima kuwa na chanzo cha pili cha mapato, ili mahindi yakishuka bei pawepo pa kushika. Meza ya pool kijijini siyo chanzo cha pili. Wachezaji wake ni wakulima na watoto wa wakulima. Bei ya mahindi ikiwa nzuri, wanacheza. Bei ikianguka, au Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ukichelewa kununua, hakuna mwenye Sh500 ya kuchezea. Siku mkulima anapohitaji msaada wa meza yake ndiyo siku ambayo meza haina mteja.

Aidha, meza inachangamka Agosti, wakati mwenyewe hana shida ya fedha, na inalala Januari, wakati mfuko wa UREA unahitajika. Linganisha na mashine ya kupukuchulia mahindi, au jozi ya maksai ambao Wafipa wanawafahamu vizuri. Vitu hivyo navyo vina msimu, lakini vinafanya kazi katika shamba la mwenyewe kabla havijakodishwa kwa jirani. Au linganisha na kutonunua kitu: mkulima anayeweka magunia 20 kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kuyauza Januari au Februari, mara nyingi hupata bei iliyo bora kuliko ya Julai, bila kumlipa msimamizi wala kununua chaki.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Baada ya hesabu hizo, wapo watakaoona kuwa uwezo wanao na nia wanayo. Hao wasiuziwe mbuzi kwenye gunia. Meza iliyotumika ina mambo yake ya kukaguliwa.

La kwanza ni jiwe. Chini ya kile kitambaa cha kijani kuna bamba la jiwe, na ndilo linalobeba thamani ya meza. Jiwe la mita mbili kwa moja lenye unene wa sentimita mbili hupita kilo 100, na meza nzima mara nyingi hupita kilo 200. Likipata ufa halitengenezeki vizuri. Mnunuzi apitishe kiganja juu ya kitambaa kutafuta mahali palipoinuka, agonge kwa vidole kusikiliza sauti inayobadilika, kisha aweke pimamaji katikati na kwenye pembe zote nne. Baadhi ya meza za bei nafuu hazina jiwe kabisa, zina ubao. Ubao ukipigwa na unyevu wa masika ya Ufipa, unapinda.

La pili ni raba za pembeni. Mpira ukisukumwa kwa nguvu ya kawaida unatakiwa kugonga ukingo na kurudi kwa uhai. Ukigonga na kufa hapo hapo, raba zimekauka.

La tatu ni mashine ya sarafu. Meza nyingi hufunguliwa kwa kutumbukiza sarafu, na mashine ile hutambua sarafu ya ukubwa fulani tu. Sarafu ya Sh200 ilitoka mwaka 1998 na ya Sh500 ilitoka mwaka 2014. Meza ya zamani iliyotengenezewa Sh200 italazimisha mwenyewe kucheza kwa bei ya zamani au kulipia mabadiliko. Mnunuzi aijaribu kwa sarafu yake mwenyewe mara kumi, siyo mara moja. Auulize pia ufunguo wa sanduku la fedha, na akifika nyumbani abadilishe kufuli siku hiyo hiyo.

La nne ni mipira. Inatakiwa kuwa 16, na katika meza nyingi za aina hii ule mweupe ni mdogo kidogo kuliko mingine ili meza iweze kuutenga na kuurudisha unapoingia shimoni. Mpira mweupe uliopotea na kubadilishwa na wa ukubwa mwingine utamezwa, na kila ukimezwa mchezo umekwisha na mteja amekasirika.

La tano ni nafasi. Meza ndogo ya baa ina urefu wa kama mita 2.1 na upana wa mita 1.2. Fimbo ina urefu wa karibu mita moja na nusu, na mchezaji anahitaji nafasi ya kuivuta nyuma kila upande. Kwa hiyo kinachohitajika ni chumba au banda la takriban mita 5 kwa 4. Sebule nyingi za Chanji, Katandala na Majengo hazina ukubwa huo. Mwenye nyumba apime kwa futi kabla ya kupima kwa tamaa.

Sheria na heshima ya nyumba

Ni vyema pia ikaeleweka kuwa mchezo wa pool na kamari ni vitu viwili tofauti, lakini umbali kati yake ni mfupi. Vijana wakianza kuwekeana fedha juu ya kila mchezo, mwenye meza ameingia katika eneo jingine. Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, inahitaji leseni, na hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 18. Yeyote anayeshawishiwa kununua, badala ya pool, mashine ya kubahatisha iliyotumika na kuiweka dukani au uani kwake bila leseni, ajue ananunua kesi.

Hata pale ambapo hakuna kamari, meza inayofunguliwa saa nne asubuhi huvuta wanafunzi na vibarua. Mwaka 2016 viongozi wa serikali walikemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na mwenye meza ndiye wa kwanza kuitwa na mwenyekiti wa kijiji. Jioni, wikiendi, na watoto wa shule marufuku wakati wa masomo: hayo ndiyo masharti ya chini.

Mwisho kuna suala ambalo halijadiliwi mara nyingi. Mahindi ya Ufipa hulimwa na familia nzima. Mama ndiye aliyepanda, akapalilia, akavuna na kupukuchua. Baba anayerudi na meza juu ya gari bila kushauriana na mwenzake ametumia jasho la watu wengi kwa uamuzi wa mtu mmoja. Meza ya namna hiyo, hata ikiwa na jiwe zima na raba mpya, itakuwa ikigombanisha nyumba kila siku ya kununua mbolea.

Njia ya tahadhari ipo. Anayetaka kujua kama biashara hii inamfaa, aanze kwa kukubaliana na mwenye meza, aiweke kwake kwa miezi michache na kugawana mapato, huku akiandika kila mchezo kwenye daftari kuanzia Agosti hadi Februari, siyo Agosti peke yake. Daftari la Februari ndilo litakalosema ukweli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama baada ya miezi hiyo meza imelipa, mbolea imenunuliwa na mama wa nyumba amekubali, basi inunuliwe bila wasiwasi. Kama sivyo, irudi kwa mwenyewe, na ile nafasi ya uani ijengwe ghala.